Mdogo wangu ameona mashine, mama anasema kichwa hakichezewi

BARUA

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Uyole hapa Mbeya, nina mke na watoto watatu. Jina langu naomba lisitajwe maana barabarani tunajuana.

Nimeendesha semi miaka 14 kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kitonga naijua usiku, naijua kwenye mvua, naijua nikiwa na shaba ya Zambia mgongoni. Leo barua hii naiandika nimelala chali, kwa sababu nikikaa wima muda mrefu kichwa kinakuwa chepesi.

Mwaka juzi mwezi wa sita nilishikwa na homa na kikohozi kibaya, nikalala wiki tatu. Nilipopona nikarudi kazini. Safari ya pili tulifika mizani ya Makambako, nikafungua mlango nishuke na karatasi. Mguu ulipogusa lami, moyo ukaanza kwenda mbio kama mtu anayefukuzwa, jasho likanitoka na huku baridi inakata masikio. Nikashika tairi. Tairi lilikuwa la moto, hilo ndilo la mwisho ninalokumbuka. Nilipofumbua macho utingo wangu alikuwa ananimwagia maji ya kidumu usoni na foleni nyuma inapiga honi.

Tangu hapo nimepimwa kila kitu. Malaria, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, umeme wa moyo, picha ya moyo. Moyo mzima. Hospitali moja daktari aliniambia, "Mzee, hayo ni mawazo, kapumzike," nikatoka na vidonge vya usingizi. Baadaye kwingine nilimpata daktari kijana. Alinilaza dakika kumi, akahesabu mapigo: 72. Akanisimamisha nimeegemea ukuta, akawa anahesabu kila baada ya dakika mbili. Yakafika 118, kisha 124. Presha haikushuka. Akasema moyo wenyewe hauna kasoro, ila neva zinazouendesha mwili bila sisi kuamuru zimepoteza mizania, na kwamba kuna watu hupatwa hivyo baada ya maambukizi. Akanipa propranolol kidogo, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, na kuniambia ninywe maji mengi. Nafuu ipo, lakini sijawa mtu. Zipo siku natembea hadi barabarani, zipo siku kuoga tu ni safari. Kila asubuhi mke wangu anashika simu kuangalia dakika, mimi nashika mshipa wa mkono, tunaandika kwenye daftari langu la safari, pale pale nilipokuwa naandika kilomita na mafuta.

Bosi nilimwambia nina vidonda vya tumbo. Anasema gari ipo, nikiwa tayari niseme.

Sasa linalonikosesha usingizi. Mdogo wangu yuko Marekani, jimbo la Virginia, anahudumia wazee. Mwezi uliopita alinipigia saa nane usiku: "Kaka, wamepata!" Anasema kuna mji huko unaitwa Roanoke, watafiti wanaelekeza mawimbi ya sauti ndani ya ubongo bila kupasua, na mapigo ya moyo yanabadilika. Anasema nikifika watanipokea kwa mikono miwili kwa sababu mtu kama mimi ndiye wanayemtafuta. Anataka tuuze shamba la marehemu baba kule Rungwe, eka mbili za parachichi. Kuna mtu ametaja milioni 20. Miti ndiyo kwanza imeanza kuzaa vizuri, na dada yetu ndiye aliyeilea tangu miche.

Mama yangu hataki hata kusikia. "Kichwa hakichezewi. Watakushika huko ndani, atarudi mtu mwingine mwenye sura yako." Kila Jumapili ananipaka mafuta ya upako utosini.

Halafu hapa hapa mjini, maeneo ya Mwanjelwa, kuna jamaa ana chumba chenye kofia ya nyaya. Anasema inatoa mawimbi ya kurekebisha neva za ubongo: presha, mapigo, usingizi, mpaka nguvu za kiume. Mara kumi kwa shilingi laki tisa. Dereva mwenzangu amekwenda, anasema sasa analala vizuri. Nikajiuliza, kama ni mawimbi yale yale, ya nini kwenda Marekani?

Wiki iliyopita niliona kupitia dirishani mke wangu akibeba gunia la viazi peke yake kutoka barabarani mpaka kibandani. Mimi nimelala. Nataka kurudi kwenye usukani, Mama. Kinachoniuma kuliko hata kuzimia ni kwamba mwili wangu unaendeshwa na mtu nisiyemjua.

Nifanye nini? Ndaga fijo.

Dereva, Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu. Kamwene, kama tunavyosema kwetu Iringa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kama ulivyonifundisha: nikalala kidogo, nikahesabu, nikasimama, nikahesabu tena. Bibi wa miaka 68, nimetoka 70 nikaenda 81, nikaendelea na chai yangu. Wewe unatoka 72 unafika 124. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na nakwambia mtu mwenye namba hizo hajalegea wala si mvivu. Kusimama kwake tu ni kama kupanda mlima.

Kama nimekuelewa, umeniuliza maswali matatu ukayafunga kwenye gunia moja. Kuna la shamba na safari ya Marekani. Kuna la kofia ya Mwanjelwa. Na kuna lile ulilolitaja mwishoni kwa sauti ndogo, la mwili kuendeshwa na mgeni. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo linalosukuma haya mengine mawili.

Yule mgeni unamjua. Ni utingo. Kwenye semi humwambii utingo kila mkisimama akagonge matairi, aweke jiwe nyuma ya gurudumu, atazame kama turubai limelegea. Anafanya, na akiwa mzuri unasahau kama yupo. Mwili nao una utingo wake. Ukishuka Njombe alfajiri ya mwezi wa saba vinyweleo vinasimama bila amri yako. Mtu akikata ndimu mbele yako mate yanajaa. Na ukiinuka kitandani, damu nusu lita au zaidi inateremkia tumboni na miguuni. Utingo anakaza mishipa, anaongeza mapigo kidogo, damu inapanda kichwani, wewe unatafuta ndala zako hujui kama kuna kazi imefanyika. Kwako wewe utingo anachelewa kukaza mishipa, kisha anashtuka na kurukia pedali ya mafuta. Ndiyo ile mbio ya Makambako.

Madaktari wana jina la hali inayofanana na yako, kwa kifupi wanaiita POTS. Kwa mtu mzima wanatazama kama mapigo yanapanda 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, presha ikiwa haijaporomoka, na dalili zimedumu miezi mitatu au zaidi. Huwapata zaidi wanawake, hasa vijana. Mwanamume wa miaka 41 mwenye mabega ya kufunga turubai akisema anazimia akisimama, wengi fikra zao haziendi huko. Zinakwenda kwenye mawazo, au pombe. Sikutetei daktari aliyekupa dawa za usingizi. Nakwambia tu kwamba yule kijana aliyekuegemeza ukutani na saa mkononi alifanya kipimo cha maana kuliko mashine nyingi, na hakikugharimu kitu.

Sasa mawimbi.

Nakumbuka mashine ya kwanza ya utrasaundi niliyoiona wodi ya wazazi. Mama mmoja kutoka kijijini alikataa kata kata kupanda kitandani. Alisema mwanawe ataungua. Tulimcheka pembeni, aibu yetu. Miaka mingi baadaye nilipokuja kusoma habari za mawimbi yanayokusanywa mahali pamoja, nikamkumbuka. Ile ya wajawazito haiunguzi mtoto. Lakini wazo lake, kwamba sauti inaweza kuwa moto, halikuwa la kijinga. Watoto huchukua miwani ya kusomea ya bibi, wakakusanya jua mpaka karatasi ikatoa moshi. Jua ni lile lile lililokuwa linaanika mahindi uani, limekusanywa tu.

Kwa hiyo ukisikia "mawimbi ya sauti kwenye ubongo", uliza kwanza: kwa nguvu ipi? Kuna yale makali. Mgonjwa ananyolewa nywele, kichwa kinafungwa kwenye fremu, anavikwa kofia yenye vyanzo 1,024 vya mawimbi ndani ya MRI, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, na yote yanakutana kwenye talamasi, katikati ya ubongo, yakaunguza kidoa kidogo. Hiyo ni tiba iliyokubaliwa Marekani tangu 2016, kwa watu wenye mkono unaotetemeka usioshika kikombe. Kikombe wanakishika. Lakini katika jaribio lililosababisha ikubaliwe, mwaka mmoja baadaye wagonjwa 14 katika kila 100 walikuwa bado wana ganzi au hisia za ajabu, na 9 katika 100 bado wanayumba wakitembea. Kidoa kilichoungua hakirudi. Hiyo si ya ugonjwa wako, na sidhani mdogo wako alikuwa anaizungumzia hiyo.

Anayoizungumzia ni ile laini. Mawimbi ya mitetemo kama laki tano kwa sekunde, ya nguvu ndogo, hayaunguzi. Yanagusa chembe za neva kama mtu anavyokugusa bega: zinaamka kidogo au zinatulia kidogo, kisha zinarudi zilivyokuwa. Mahali yanapokutania ni padogo, panakaribia punje ya mchele wa Kyela. Na fuvu linapinda mawimbi, na mafuvu hayafanani, ndiyo maana wanakupiga picha ya kichwa kwanza ndipo wajue waelekeze wapi.

Huko Roanoke ni kweli kuna kazi hiyo. Mdogo wako hajaota. Kuna timu ya Wynn Legon, katika taasisi ya utafiti ya chuo kikuu cha Virginia Tech, iliyotoa matokeo mwaka 2024. Walilenga insula, sehemu ya ubongo iliyojificha ndani, upande wa kichwa, ambako habari za mwili hukusanyika: maumivu, joto, tumbo, moyo. Watu 23. Wakawawekea joto kali la muda mfupi mgongoni mwa kiganja, wakawauliza maumivu ni mangapi kati ya 0 na 9, siku nyingine mawimbi yakiwa ya kweli na siku nyingine ya kuigiza. Maumivu yalipungua kwa wastani wa robo tatu ya alama moja. Na walipolenga sehemu ya mbele ya insula, mapigo ya moyo nayo yalibadilika.

Hapo tusimame kidogo, mwanangu, maana nadhani ndipo simu ya saa nane usiku ilipoteleza. Kilichobadilika si kwamba moyo uliokuwa ukienda 124 ukashuka 80. Moyo wa mtu mzima haupigi kama saa ya ukutani. Nafasi kati ya pigo na pigo huwa inapishana kidogo, na kupishana huko ni dalili kwamba utingo yuko macho. Walichokiona ni kwamba kupishana kuliongezeka. Na watu wale 23 walikuwa wazima. Hawakuwa watu wanaozimia mizani.

Kama una hamu ya kujua linaweza kufika wapi, kuna kingine cha kushangaza zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Washington, mjini St. Louis, waliwavalisha panya wadogo kifaa cha mawimbi kichwani, wakalenga sehemu ya chini ya ubongo inayotawala joto la mwili. Panya wakapoa nyuzi kama tatu, mapigo yao yakashuka karibu nusu, na kwa kurudia rudia mawimbi wakawaweka hivyo saa 24, kisha wakaamka. Niliposoma hilo nilikaa kimya. Yaani upo mlango wa kuongea na utingo. Ila walioupita kwa namna hiyo ni panya.

Basi, unaposema "wamepata", wamepata nini? Wamepata njia ya kuuliza swali. Utafiti na tiba vinafanana kwa nje, koti jeupe na mashine, lakini tiba inakuja kwako kwa ajili yako, na utafiti unakuomba uje kwa ajili ya swali lake. Wakati mwingine unampa mtu mashine ya kuigiza makusudi, na hiyo ni haki kabisa, ameisaini kwenye fomu ya ridhaa. Je, wewe ungeuza shamba la baba ukavikwa ya kuigiza? Labda ungekubali. Wapo watu wanaojitolea hivyo na nawaheshimu. Lakini uwe umejua.

Ningekuwa wewe, kabla ya kumjibu mnunuzi, ningempa mdogo wangu kazi. Amekaa karibu, anajua lugha, ana upendo wa kupiga simu usiku. Awaandikie watafiti wenyewe, sentensi mbili tatu: kaka yangu ana hali hii na hii, je, kwa sasa mnapokea watu wenye hali hiyo, na mnapokea wanaotoka nje ya nchi? Marekani kuna daftari la wazi la majaribio, ClinicalTrials.gov, linaloeleza kila jaribio linamtaka nani na halimtaki nani. Atazame humo. Na asikilize lugha ya pesa: utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mshiriki, hata humpa kitu kidogo cha usumbufu. Kama majibu ni kwamba wanakuhitaji, barua hiyo itakusaidia hata kwenye maombi ya viza. Kama ni hapana, mmejua bila kukata mti mmoja. Ada ya viza hairudishwi ukinyimwa, na safari ya ndege ya saa zote hizo umekaa wima, na mwili wako huu, ni jambo la kuongea na daktari mapema.

Mama yako usimwone wa zamani. Anaposema atarudi mtu mwingine, anauliza swali ambalo hata wanaoshika mashine wanapaswa kuulizwa. Insula haipokei habari za moyo tu. Inahusika na hofu, na karaha, na ile hali ya kujihisi kwamba mimi ni mimi ndani ya mwili huu. Anayegusa hapo kwa ajili ya mapigo anaweza kugusa na jirani. Kwa nguvu ndogo na kwa muda mfupi, waliopimwa kwa uangalifu hawajageuka watu wengine. Kurudia rudia kwa miezi kwa mgonjwa ni swali jingine. Kwa upande mwingine, ungeweza kumwuliza kwa upole: Mama, kile kidonge ninachokunywa asubuhi nacho kinaongea na utingo, mbona hicho hukioni kama mtu mwingine? Sijui atajibuje. Mama zetu huwa wana jibu. Mafuta ya upako, mwache apake. Mkono wa mama utosini nao unatuliza mapigo.

Kuhusu Mwanjelwa nitakuwa mkavu kidogo, unisamehe. Nimekueleza wale wa Virginia wanavyopiga picha fuvu la kila mtu ili wapate punje ya mchele. Huyu anakuvika kofia ile ile aliyomvika mwenzako, anatibu presha na usingizi na chumba cha kulala kwa pamoja. Kama kofia haitoi kitu, umelipa laki tisa kulala nusu saa mahali tulivu, na mwenzako hasemi uongo, nusu saa ya utulivu kwa dereva wa masafa ni dawa. Kama inatoa kitu chenye nguvu, basi nguvu hiyo inakwenda wapi ndani ya kichwa chako? Mwulize kibali cha kifaa hicho cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya, unaweza hata kwenda kuwauliza wao. Mwulize na usajili wa chumba chake kama kituo cha tiba. Akikasirika kwa maswali hayo, utakuwa umejifunza kitu.

Kuna jambo hukuniuliza, na litaniuma nikilinyamazia. Bosi anajua vidonda vya tumbo, na gari ipo. Unaijua Mlima Nyoka kuliko mimi. Ni hapo hapo kwako, umeona vyuma vilivyolala kando yake. Ulizimia ukishuka kwenye kabini, siyo ukiwa umeshika usukani, na pengine ukikaa uko salama zaidi kuliko ukisimama. Pengine. Lakini umeniandikia kwamba ukikaa wima muda mrefu kichwa kinakuwa chepesi. Sentensi hiyo mwonyeshe daktari wako kabla hujamwonyesha bosi kwamba uko tayari. Najua ukisema ukweli unaweza kukosa gari moja kwa moja. Najua pia wapo madereva wenye uzoefu wanaopanga safari na kufundisha vijana bila kupanda kabini. Si usukani, naelewa, na siwezi kukuambia ni kitu kile kile.

Halafu matibabu uliyonayo, nadhani hujayamaliza. Maji mengi ni kiasi gani? Wengi wa hali hii huambiwa lita mbili hadi tatu kwa siku, na wengine huongezewa chumvi, ila chumvi usijiongezee mwenyewe mpaka daktari aseme, maana kwa mwenye presha ya juu ni hatari. Kuna soksi ndefu za kubana, zinazofika mapajani au hata tumboni. Kuinua kichwa cha kitanda kwa tofali. Kula kidogo kidogo badala ya sinia moja la ugali. Kukaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama, na kukaza mapaja unaposimama. Kubwa zaidi, mazoezi ya kulala au kukaa, ya miguu, kidogo kidogo kwa miezi, kwa sababu kulala siku nzima kunamfanya utingo azidi kusahau kazi. Na propranolol si dawa pekee; zipo nyingine za kukaza mishipa au kutunza maji mwilini, daktari wa moyo kwenye hospitali ya rufaa ya kanda au Dar es Salaam anaweza kuzipima nawe. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita. Si wote. Nimeona wanaobaki na siku mbaya kwa miaka.

Nirudi kwenye shamba. Umeandika "tuuze" kana kwamba mko wawili. Dada yako umempa sentensi moja, kwamba aliilea miti tangu miche. Eka mbili zinazoanza kuzaa si milioni 20 zilizolala. Ni kila msimu wake unaokuja, na ni kazi ya mikono yake. Huenda atasema uza, kaka yangu kwanza. Huenda ana njia nyingine, mfano mavuno ya mwaka mmoja yakulipie Dar es Salaam na soksi na vipimo. Huwezi kujua kama hajaulizwa.

Na mkeo. Katika barua nzima umemtaja mara mbili tu ukimweleza anafanya kitu, na zote mbili ana mzigo mkononi: simu, na gunia. Hukuniambia anasema nini. Nimejiuliza kama hajasema, au wewe umelala ukitazama dirishani huku umeshajijibu kwa niaba yake kwamba anakuona mzigo. Sijui. Mimi nakuona kwenye ukurasa tu. Lakini mwanamke anayeamka kila asubuhi kumhesabia mumewe dakika, miaka miwili, huyo amekuamini siku zile ambazo wenye makoti meupe hawakukuamini. Isije ikawa sehemu ya uzuri wa ile mashine ya mbali ni kwamba itawathibitishia watu huumwi mawazo. Kama ni hivyo, daftari lako la kilomita limeshathibitisha.

Usiache kuliandika. Kesho alfajiri mkimaliza kuhesabu, kabla hajatoka kwenda kibandani, mwulize mkeo angefanya nini na shamba kama uamuzi ungekuwa wake. Jibu lake liandike humo humo, chini ya mapigo.